Chupa ya Mia na Tatu

Otilia Barajas anabandua lebo kwa ukucha wa kidole gumba.
Gundi ya mwaka themanini na mbili haitoki kirahisi.
Nje ya dirisha Colima inachemka; volkano imejitwika moshi,
kama karani asiyetaka kuulizwa.

Barua imefika: ukoo umegawanywa.
Wenye magoti mekundu wabaki Brachypelma,
watunze jina na pwani ya Pasifiki,
Jalisco, hapa Colima, Michoacán, Guerrero,
hadi Oaxaca, joto linakolala chali.
Weusi wahame. Waitwe Tliltocatl,
"buibui mweusi" kwa Kinahuatl, lugha iliyowaona
kabla hadubini haijawaona.
Wengi wao ni wa upande wa pili: Veracruz, Yucatán,
kisha kusini bila pasi wala viza, mpaka Guatemala, mpaka Kostarika.
Ila wachache wamegoma kuhama Guerrero,
wanaishi mlango kwa mlango na ndugu waliowakana.

Kesi haikuamuliwa kwa rangi peke yake.
Rangi hudanganya; ndani ya alkoholi goti jekundu
hufifia likawa chai ya maziwa iliyopoa.
Walichunguza ya faragha:
kibofu cha dume, kwenye ncha ya kigusio chake,
kifuko cha jike anamoweka mbegu.
"Mambo ya chumbani ndiyo yamewatenganisha,"
Otilia anamwambia Nabor mfagiaji.
Nabor anacheka kwa pua.

Chupa ya arobaini ni ngozi tupu.
Alijivua usiku, mbele ya mwanafunzi aliyesinzia.
Kwa lugha yangu hili husemwa kwa pumzi moja:
buibui kavua buibui lake,
akalilaza sakafuni, mikono minane bado imo,
akaondoka na mwili mbichi.
Na zile nywele anazokupukutia usoni ukimkera,
zinazowasha wiki nzima,
sisi huziita malaika.
Sijui ni nani aliyetuchagulia neno hilo.

Saa tisa alasiri. Chupa ya mia na tatu.
Jike. Magoti yalikuwa mekundu.
Mahali:
na mstari mtupu.
Alikamatwa uwanja wa ndege, ndani ya soksi ya mtoto,
soksi ndani ya kiatu, kiatu ndani ya sanduku
la mtu aliyesema sanduku si lake.

Nabor anaegemeza fagio ukutani.
Zamani aliwauza mwenyewe, kando ya barabara ya Pihuamo,
jike peso kumi, dume nyongeza,
maana dume hamalizi msimu.
Otilia anamsogezea chupa kwenye mwanga.
"Wa wapi huyu?"
Anaizungusha. Lori linapita, vioo vinatetemeka, vinatulia.
"Ukubwa huu ana miaka ishirini.
Miaka ishirini hasogei mbali na mlango wake
zaidi ya urefu wa mkono wangu.
Wa wapi? Wa tundu lake."

Otilia anakereka. Daftari halina safu ya tundu.
Jenasi analo, jinsia anayo, namba anayo,
lakini hawezi kuwa hata doa moja kwenye ramani.

Mimi ningemkopesha viambishi vyangu:
hapajulikani, pale ambapo mtu mmoja, yule wa soksi,
angeweza kupaonyesha kwa kidole;
hakujulikani, huko kote, kilima baada ya kilima;
hamjulikani, mle ndani, kwenye giza lililotandikwa hariri,
ambamo mvua za Juni zinaingia sasa
na hakuna wa kuziba.

Lakini yeye anaandika Kihispania,
kwa penseli, maana alkoholi hula wino.
Jina. Tarehe. Jike.
Kisha anaacha nafasi pana kuliko inavyotakiwa,
anakaza kifuniko,
na Nabor, bila kuambiwa, anaifuta chupa vumbi mara mbili.